Mwani Usiooshwa kwa Maji ya Mvua

Nasema mapema, kabla mtu hajanikatiza: mwani wangu haujawahi kushindwa na chango. Haukushindwa zamani za bibi yangu, haukushindwa zamani zangu, na hata mwaka ule wa tisa tangu vita viishe, ambapo nusu ya kisiwa ilinitazama kwa jicho la pembeni, haukushindwa. Ulichezewa. Kushindwa na kuchezewa ni vitu viwili mbalimbali, na anayebisha aje hapa tubishane.

Jina langu Gozei. Hapa kisiwani ukimuuliza mtu yeyote nani mchumaji wa nachora, atakuonyesha mlango wangu. Nachora ni mwani mwekundu unaoota kwenye mwamba, mgumu, wenye manyoyamanyoya kama brashi ya kusugulia sufuria. Kiangazi maji yakitoka sana tunaingia mpaka magotini, tunaung'oa kwa mkono, tunausuuza kwa maji yaleyale ya bahari, tunauanika juu ya mawe. Ukikauka unachemshwa. Mtoto anakunywa asubuhi kabla hajatia kitu tumboni, na kesho yake minyoo inatoka yenyewe. Unanuka? Sana. Ukichemka jikoni hata mbwa anahama ua. Lakini nani alikwambia dawa ni manukato?

Kitu kimoja tu mwani huu hautaki, nacho ni maji matamu. Ukinyeshewa ukiwa maweni, hata manyunyu ya kupita njia, bibi yangu alikuwa anauzoa wote anautupa migombani. Nguvu zote zinakwenda na yale maji, unabakiwa na majani ya kuwashia moto. Hilo nililijua kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe. Sikudhani kuna mtu mzima duniani anayehitaji kuambiwa.

Basi mwaka ule mwanangu Seitoku akajiandikisha kwenda Bolivia. Simlaumu. Shamba letu la viazi vitamu Wamarekani walilizungushia seng'enge, na pale nilipokuwa nikipanda viazi ndege zao zilikuwa zikijifunzia kuangusha mabomu. Huko Bolivia, walituambia, kila familia inapewa ardhi mpaka macho yachoke kutazama. Seitoku ana mke, Fumi, na mtoto mmoja tu, Hatsue, wa miaka minane. Huyo ndiye mjukuu wangu wa pekee. Mimi nilikataa kwenda. Mume wangu kazikwa hapa, na niliuliza mara tatu nikajibiwa mara tatu kwamba huko hakuna bahari. Sasa mimi mahali pasipo na bahari nikafanye nini, nichunge mbuzi?

Sharti la safari lilikuwa kupimwa choo. Anayekutwa na mayai ya chango hapandi meli, na asipopanda yeye basi familia nzima haipandi, kwa sababu orodha ilikuwa ya familia, si ya mtu mmoja mmoja. Daktari Maeshiro akaja kwa boti kutoka mji wa Naha, kisiwa kikubwa, na darubini yake ndani ya kasha. Watu wakampelekea vinyesi ndani ya viboksi vya kibiriti, kila kiboksi na jina lake. Jirani yangu Nabe, ambaye mwanawe naye alikuwa akisafiri, alikifunga kiboksi chake kwa utepe.

"Nabe wee, unampelekea daktari posa?" nikamuuliza.

"Niache, shoga. Heshima ni heshima."

Kiboksi cha mwanawe kilikuwa safi. Cha mjukuu wangu ndicho kilichomfanya daktari ainue macho kwenye darubini na kuvua miwani.

"Bibi, huyu mtoto tumbo lake limejaa chango," akasema. "Na mimi vidonge vimeniishia. Nitarudi baada ya siku kumi. Nikikuta mayai tena, itanibidi nilifute jina la ukoo wenu, Itokazu, na meli nyingine sijui italetwa lini."

Seitoku alibadilika rangi. Fumi akainama. Mimi, jamani, nilicheka.

"Siku kumi za nini, Daktari? Nipe mbili, na siku ya tatu njoo unywe chai."

Msiniulize mjukuu wa mchumaji wa nachora alipataje chango. Mboga zetu zote zinakua kwa mbolea ya chooni, hakuna mtoto asiyekuwa nayo. Tena Hatsue kila mwaka dawa ilimshinda. Akinusa tu anatapika mpaka machozi, na mama yake anamficha nyuma ya kanga ya kazini. Fumi si mtu wa bahari. Kwao ni milimani, kaskazini ya kisiwa kikubwa, watu wa kuni na mkaa. Mwanamke mwema, mchapakazi, lakini kaa akimtembelea jikoni, yeye anapiga kelele.

Asubuhi ya dawa maji yalikuwa yametoka vizuri mno, na mwamba uliokauka haumngoji mtu. Fumi akaniona nalitazama kapu langu.

"Nenda tu, Mama," akasema. "Nitachemsha mimi. Nimekuona mara ngapi?"

"Konzi mbili, maji bakuli tatu, uchemke mpaka libaki bakuli moja."

"Najua, Mama."

Nikaenda. Niliporudi, kapu limejaa, nilimkuta Hatsue uani anajilamba midomo.

"Bibi, leo dawa haikunuka! Nimemaliza yote!"

Hapo ndipo akili yangu ilipolala. Badala ya kushtuka nikavimba kichwa. "Si unaona? Huo ni mwani wa mwaka huu," nikamwambia, na nikampa kipande cha sukari guru kama zawadi ya ushujaa.

Kesho yake hakikutoka kitu. Kesho kutwa vilevile. Siku ya nne Fumi akachemsha tena kutoka mfuko uleule, mtoto akanywa huku anatabasamu, na siku ya tano tulikuwa sote watatu watu wazima tumekiinamia chungu cha mtoto kama watu waliodondosha pete kisimani. Patupu.

Ah, nilikasirika! Nilikasirikia chungu, nikalikasirikia jua. Nikaenda kununua tofu, ile jibini ya soya, ili nipoe, na huko ndiko nilikochemka zaidi, maana nilipoingia mazungumzo yalikatika. Nabe akanifuata nje.

"Shoga, nikwambie kitu usinirukie."

"Sema."

"Wanasema umemfanyia makusudi. Wanasema umempa mtoto chai ya majani tu ili asipande meli, ubaki naye."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu wana majina, Nabe! Nitajie nikamwonyeshe makusudi ni nini!"

"Si umeona? Ndiyo unanirukia."

Nikafika nyumbani napumua kwa mdomo. Seitoku alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza anasubiri, na nilipomwona anavyosugua magoti yake nilijua naye kayasikia.

"Mama, nikuulize kitu, lakini usikasirike."

"Nimekwisha kasirika. Uliza."

"Ile dawa... ilikuwa ni dawa kweli?"

Mwanangu mwenyewe. Niliyembeba mgongoni wakati wa vita, mtu mzima mwenye jeraha mguuni, usiku baada ya usiku, mapango kwa mapango. Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilimwambia pia kwamba mimi nikitaka kumzuia mtu asiondoke nitamshika shati mchana kweupe, sitamtilia maji dawa yake. Akasema samahani, Mama. Nikamwambia samahani yake akaiweke mtungini. Na niliposema mtungini, macho yangu yakaenda mtungini.

Uani kwetu, chini ya mti mkubwa, upo mtungi. Shina la mti tumelifunga msokoto wa majani makavu, mvua ikinyesha maji yanateremka nao taratibu yakiingia mtungini. Kisiwa chetu hakina mto, na kisima kina chumvichumvi. Kwa hiyo maji ya mtungi ule ni ya chai ya wageni, na kikombe kimoja cha asubuhi cha kuwawekea marehemu wetu. Hayafuliwi nguo, hayaoshewi vyombo. Wiki ile mgeni alikuwa mmoja tu, daktari, na alikunywa kikombe kimoja. Nikainua kifuniko. Mtungi ulikuwa nusu.

Nikaenda jikoni nikautoa mfuko wa mwani. Nilipouacha ulikuwa mwekundu wa kuiva, na unga mweupe wa chumvi kila ncha. Sasa ulikuwa umepauka. Nikalamba jani moja. Halikuwa na ladha ya kitu chochote.

Basi nikaelewa yote pale pale. Fumi ameuosha. Kauosha kwa maji ya mvua, akauanika tena, ili mtoto wake asitapike. Na Fumi hajui alichokifanya. Seitoku hajui. Daktari hajui. Kisiwa kizima mjuzi ni mimi tu.

Sasa nitasema ukweli, maana nimekula chumvi nyingi mno na sina wa kumwogopa. Niliufunga ule mfuko nikaurudisha mahali pake, nikatoka, nikanyamaza. Siku ya sita yote nilinyamaza. Nilitengeneza wavu ambao haukutoboka. Nilijiambia, Gozei, wewe hukufanya lolote. Ni mkono wa mama yake mwenyewe. Zimebaki siku nne. Nyamaza siku nne tu, na Hatsue ataolewa hapahapa, ataingia nawe mwambani, atakufumba macho siku yako ikifika. Nilimpenda mtoto yule kuliko pumzi zangu. Sikuona dhambi yoyote katika kukaa kimya. Nilijilaza chali nikausikiliza moyo wangu unavyonipigia hesabu za siku.

Siku ya saba, kabla ya adhuhuri, Hatsue alirudi shuleni mapema, nywele timtimu, damu mdomoni.

"Nani kakupiga?" nikaruka.

"Hajanipiga mtu. Hii damu yake. Nimemng'ata."

"Umemng'ata nani?"

"Mtoto wa mwenye duka. Kasema dawa yako ya uongo. Kasema wewe ni mwongo, Bibi." Akafuta pua kwa mkono. "Nikamwambia bibi yangu hasemi uongo hata siku moja."

Akakaa chini, akajikunja, akashika tumbo lake gumu lililojaa kama ngoma, akaanza kulia polepole, kwa maumivu sasa, si kwa ugomvi. "Linaniuma, Bibi. Linatembea ndani."

Haya niliyasikia kwa masikio yangu mawili. Mjukuu wangu anaumwa na dawa iko darini, futi nne juu ya kichwa chake, na mimi nimenyamaza. Sijawahi kujichukia namna ile, wala kabla wala baadaye.

"Fumi!" nikaita. Nyumba ilitikisika. "Fumi, njoo hapa!"

Akaja anakimbia, mikono ina unga.

"Uliuosha mwani?"

"Ndiyo, Mama." Akaona uso wangu. "Mara tatu."

"Kwa maji gani?"

"Ya mtungi." Akapangusa unga mikononi. "Nilijua si ruhusa, Mama. Lakini ya kisimani yana chumvi, nikasema dawa ya mtoto iwe na maji safi. Nilijinyima chai mimi. Marehemu sikuwapunguzia kikombe chao, naapa."

Nilikuwa nimekwisha fungua kinywa nimpe za uso. Alikuwa amempa mtoto wake maji bora kuliko yote yaliyomo katika nyumba hii, na nayo ndiyo yaliyoiua dawa. Umgombeze vipi mtu kama huyo? Nilimgombeza, ndiyo, nisingeweza kujizuia, lakini matusi yalinitoka mepesi.

"Nguvu inatoka na maji matamu, we mtoto wa milimani! Umemnywesha mwanao majani, dawa umemwagia bustani! Minyoo ya bustani yote imekufa!"

Akapiga magoti akalia. "Basi nimetukosesha meli, Mama. Mimi ndiye niliyetukosesha."

Na hapo ndipo pangekuwa mahali pazuri pa kunyamaza tena. Nikasema, "Nani kasema imekosekana? Pangusa uso. Leta sufuria."

Mwani wangu wa kwanza wa msimu huwa siuuzi wala simpi mtu. Unakaa juu ya dari, ndani ya kitambaa, jua la siku tatu tu na haujaonja hata umande. Nikapanda mwenyewe, umri huu, nikauteremsha. Alfajiri ya siku ya nane ulipoanza kuchemka, Nabe alipiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta, "Gozei, umekufa huko?"

"Nusa, Nabe!" nikamjibu. "Nusa vizuri ukawaambie watu wako!"

Hatsue alipoletewa bakuli akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Hii siyo ile, Bibi."

"Ile ilikuwa ya uongo. Hii ndiyo ya kweli."

"Inanuka maiti ya kaa."

"Ndiyo hiyohiyo. Jana ulimng'ata mtu kwa ajili yangu?"

"Nimemng'ata."

"Basi leo kunywa kwa ajili yangu."

Akaziba pua akanywa. Katikati alitaka kutapika. Nikamshika mashavu, nikamwambia niangalie mimi, nihesabie mikunjo ya uso. Alipofika kumi na mbili bakuli lilikuwa tupu. Mchana akalalamika kwamba ukuta, mchele, na uso wangu vyote vimekuwa rangi ya manjano, nikacheka, maana ndivyo inavyokuwa kwa baadhi yao ikiwashika barabara.

Kesho yake asubuhi aliniita kutoka chooni kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Naha. Minyoo kumi na tisa! Mingine mirefu kuliko kiganja. Nilikipokea chungu, nikakifunika, nikatoka nacho barabarani. Nilikwenda kwa Nabe, nikaenda duka la tofu, nikaenda kwa mwenye duka ambaye mwanawe alikuwa na alama za meno mkononi.

"Haya, njooni mwone makusudi ya Gozei!" nikasema. "Hesabuni! Nani hajui kuhesabu nimsaidie?"

Walicheka, wakaziba pua, mwenye duka akaniomba radhi akanipa kibiriti bure. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya njia. Seitoku alikuwa mlangoni na Fumi, wameshikana mikono, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya mbele yangu.

"Mama," akasema, macho yamemjaa, "basi tunaondoka."

Nikasimama na chungu changu mkononi. Tangu asubuhi ile nilikuwa nashangilia, na sikuwa nimelitamka neno hilo hata moyoni. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta kifuniko.

Daktari Maeshiro akaja siku ya kumi, akatazama darubini kwa muda mrefu, akabadilisha kioo, akatazama tena. Akagonga muhuri. Halafu akaomba aone mwani wenyewe.

"Unajua, Bibi, wataalamu wa bara wameufanyia kazi," akasema, anauzungusha mkononi. "Wametoa kitu ndani yake, cheupe, kama chumvi. Hicho ndicho kinachoilegeza minyoo ikashindwa kujishika. Hata katika maji kinayeyuka kama chumvi."

"Wamechukua muda gani kukijua?"

"Miaka mingi."

"Wangekuja kwa bibi yangu. Angewaambia kwa kikombe kimoja cha chai."

Akacheka. "Sasa mara ya kwanza ilikuwaje?"

Fumi alikuwa amesimama na birika la chai, na shingo yake ikazama mabegani.

"Mvua," nikasema. "Ulinyeshewa. Uzee, Daktari, nilichelewa kuuanua."

Ndiyo mara pekee katika maisha yangu niliyousingizia uzee.

Meli iliondoka mwisho wa kiangazi. Bandarini Naha watu walikuwa wengi hata ardhi haionekani, na kila mtu ameshika utepe wa karatasi, ncha moja kwake, nyingine kwa mtu wake atakayekuwa juu ya meli. Kabla hawajapanda nilimvuta Hatsue pembeni nikampa mfuko wa mwani, ule wa juu ya dari.

"Huko hakuna bahari," nikamwambia. "Chango wapo kila mahali. Mara moja kwa mwaka, asubuhi, hujala kitu. Unausuuzaje?"

"Siusuuzi."

"Na mama yako akija na maji?"

"Namng'ata."

"Vizuri."

Fumi aliuchukua ule mfuko auweke kwenye furushi. Akaupima kwa mkono. Akaufungua akatazama ndani, kwa sababu sasa alijua konzi mbili ni kiasi gani.

"Mama," akasema taratibu, "huu ni wa mara tatu tu. Na kule darini umejaa tele."

"Najua."

Alinitazama. Sikutazama pembeni.

"Ukiisha, aje kuchukua mwingine," nikasema. "Mwambie bibi yake anaanika kila kiangazi."

Fumi akaufunga mfuko, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na hakusema kwamba tiketi ya kurudi hakuna aliyekatiwa. Wakapanda. Utepe wangu ulikuwa wa manjano. Hatsue aliuchagua yeye, kwa sababu ya siku ile uso wangu ulipomgeukia manjano. Uliponyooka nikatembea nao mpaka ukingo wa gati, mtu mmoja akanishika kiuno nisianguke, kisha ukakatika, na kipande changu nikakikunja nikakitia kifuani.

Kesho yake maji yalitoka. Nikachukua kapu nikashuka mwambani.